Tumbo la mtoto likivimba wiki kadhaa baada ya kuanguka

Mtoto wa miaka sita anateremka na baiskeli ya kakake kwenye njia ya vumbi karibu na Runyenjes. Gurudumu la mbele linaingia shimoni, baiskeli inasimama ghafla na ncha ya usukani inamgonga tumboni, juu kidogo ya kitovu. Analia, anapanguswa vumbi, anapewa chai. Hakuna kidonda, ila alama nyekundu ya mviringo kama sarafu. Kesho yake anatapika mara mbili, kisha anaonekana amepona. Wiki tatu au nne baadaye mama yake anagundua kwamba mtoto hamalizi chakula, mikono imekonda, na sehemu ya juu ya tumbo imejaa kana kwamba ametoka karamuni.

Huyu si mtoto fulani, msomaji. Ni mfano tu. Lakini ukimsimulia daktari mpasuaji wa watoto kisa hiki, hata kabla hujamaliza atakuuliza: je, alianguka? Aligongwa na nini?

Kinachojaa tumboni mwa mtoto wa namna hii mara nyingi si minyoo, wala si wengu uliovimba kwa malaria. Ni maji yaliyovuja kutoka kwenye kongosho na kujikusanya mahali pamoja. Madaktari huuita uvimbe huo sisti ya kongosho. Si ugonjwa wa kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo mzazi, na wakati mwingine hata mhudumu wa zahanati, haufikirii.

Kongosho ni kiungo laini, kirefu na chembamba, kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutia insulini katika damu ili sukari isizidi mwilini. Ya pili ni kutengeneza maji makali ya kusaga chakula, ambayo hupita kwenye mrija mwembamba hadi kwenye utumbo mdogo. Maji hayo yakikaa ndani ya mrija wake hayana neno. Yakivuja, huchoma na kuwasha kila yanachokigusa.

Sasa angalia mahali kiungo hiki kilipo. Kimelala kama mshipi, mbele kabisa ya uti wa mgongo. Mtu mzima ana misuli migumu ya tumbo, na wengi wetu tuna mafuta ya kutosha ya kutukinga. Mtoto mdogo hana. Usukani wa baiskeli unaweza kulisukuma tumbo lake hadi nyuma kabisa, kongosho ikabanwa kati ya chuma na mfupa. Huweza kupasuka katikati kama ndizi mbivu iliyogandamizwa kwenye ukingo wa meza, na ngozi ya nje ibaki nzima.

Baiskeli si mkosaji wa pekee. Huko Igembe na Tigania wavulana wadogo hupanda miti ya miraa kwa sababu ni wepesi na matawi huwabeba. Wengine huanguka na kutua kwa tumbo juu ya tawi au kisiki. Kule Mbeere ni miembe. Teke la ng'ombe wakati wa kukamua, au la punda, linatosha. Bodaboda imeongeza lake: mtoto anayeketishwa mbele juu ya tangi hugonga usukani huo huo pikipiki inaposimama ghafla.

Kuna pia watoto wanaovimba bila kuanguka popote. Kongosho inaweza kuungua kwa ndani kutokana na matumbwitumbwi, au dawa fulani, au mawe ya nyongo, au minyoo mikubwa ya mviringo inayopanda kutoka utumboni na kuingia kwenye mrija wa nyongo na kongosho. Kwa hiyo dawa ya minyoo inayotolewa shuleni ina faida ambayo wazazi wengi hawaijui. Na wapo wachache mno wanaozaliwa na sisti yenyewe, hao tutawarudia.

Kifuko kinavyojengeka

Maji yakivuja, mwili haukai kimya. Huyazungushia ukuta. Mwanzoni ukuta huo ni mwembamba na dhaifu, kisha siku baada ya siku unakuwa mnene na mgumu, hadi baada ya wiki nne hivi au sita umekuwa kifuko kamili kilichojaa maji, kimekaa nyuma ya mfuko wa chakula na kuusukuma mbele. Madaktari hukiita sisti bandia, kwa kuwa hakina ngozi yake ya ndani kama sisti ya kuzaliwa nayo. Kuta zake ni kovu tu lililojengwa na viungo vya jirani.

Ukifahamu hilo utaelewa dalili zote. Mtoto hushiba baada ya vijiko vitatu kwa sababu mfuko wa chakula umebanwa. Hutapika kwa sababu hiyo hiyo. Huumwa juu ya kitovu, na maumivu huenda mpaka mgongoni. Watoto wengine huketi wamejikunja mbele kwa sababu wakilala chali wanaumia zaidi. Hukonda huku tumbo likikua, na hapo ndipo jirani husema ni utapiamlo au ni jicho baya.

Na hapo ndipo mambo huharibika. Mtoto anapewa dawa ya minyoo mara tatu mfululizo. Anapelekwa kwa mkandaji, tumbo linakandwa kwa mafuta. Nitasema wazi: tumbo la mtoto lililovimba lisikandwe na mtu yeyote. Kifuko hiki kinaweza kupasuka na kumwaga maji yake tumboni kote. Uvimbe wa tumbo kwa mtoto unaweza pia kuwa saratani ya figo, na huo nao ukikandwa unaweza kupasuka na kutawanya ugonjwa. Wala usitobolewe kwa sindano katika kliniki ya mtaani "ili maji yatoke". Maji yatatoka, ndiyo, kisha yatarudi, na mara hii yakiwa na vijidudu.

Pana dalili ambazo haziruhusu kungoja mpaka asubuhi: homa kali pamoja na uvimbe, maumivu makali ya ghafla, tumbo kuwa gumu kama ubao, kutapika damu au kupata choo cheusi, au mtoto kupauka na kutokwa jasho baridi. Kifuko kinaweza kuingia usaha, kupasuka, au kula mshipa wa damu ulio karibu nacho. Huo ni usiku wa kutafuta gari.

Hospitalini

Ukimfikisha mtoto Hospitali ya Rufaa ya Embu, au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, kipimo cha kwanza cha maana hakina mashine. Ni maelezo yako. Sema lini alianguka, aligongwa wapi, alitapika siku ngapi. Na kama mtoto alipigwa, sema. Wazazi wengi huficha hili, kwa aibu au kwa kumwogopa aliyepiga. Lakini daktari akimwona mtoto wa miaka miwili mwenye kongosho iliyopasuka na hakuna hadithi ya baiskeli wala mti, atauliza kwa zamu yake, na ni wajibu wake kuuliza. Teke au ngumi ya mtu mzima ni sababu inayojulikana vyema katika vitabu vya tiba.

Damu itapimwa kuona kiwango cha amilesi, kimeng'enya kinachopanda kongosho inapoumia. Usishangae ikiwa kipimo cha saa za kwanza kimeonyesha kwamba mambo ni shwari. Amilesi yaweza kuchelewa kupanda, na mtoto aliyerudishwa nyumbani siku ya ajali kwa sababu "damu ni nzuri" hajapewa cheti cha maisha. Akiendelea kutapika au kulalamika tumbo, mrudishe.

Kisha ni picha ya ultrasaundi. Hii haina uchungu, haina miale ya eksirei, na inaweza kurudiwa kila wiki bila madhara. Huonyesha kifuko, ukubwa wake na unene wa kuta zake. Skani ya CT huongeza habari, hasa kama kongosho imekatika na wapi. Katika hospitali kubwa zaidi, MRI huweza kuonyesha hata ule mrija mwembamba wa ndani. Ni muhimu kuujua, kwani mrija ulio mzima una matumaini ya kujiziba, ilhali mrija uliokatika kabisa huendelea kuvuja.

Kungoja nako ni matibabu

Hapa ndipo wazazi wengi hugombana na madaktari. Umesafiri kutoka Ishiara au Laare, umeuza mbuzi, mtoto ana uvimbe ambao hata mtoto mwenzake anauona, halafu daktari anakwambia: tutangoja. Mzazi husikia: hatuna nia ya kumtibu. Wengine huondoka wodini usiku.

Daktari anayengoja ana sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sisti bandia nyingi za watoto hunywea zenyewe, hasa zile ndogo zisizoleta maumivu. Mtoto anaepushwa kisu. Sababu ya pili ni ya ufundi. Kuta za kifuko kichanga ni laini mno. Kuzishona ni sawa na kushona karatasi iliyolowa maji. Uzi unakata, mshono unaachia, maji yanavuja tena, na sasa una mtoto mgonjwa kuliko alivyokuja. Daktari anayesubiri wiki nne hadi sita anausubiri ukuta ukomae ushike uzi.

Kungoja huku si kukaa bure. Ultrasaundi hurudiwa kuona kama kifuko kinakua au kinapungua. Maumivu hutibiwa. Na mtoto lazima alishwe, kwani asiyelishwa hatapona hata akipasuliwa na daktari bora duniani. Zamani ilikuwa kawaida kumkataza kula kabisa kwa majuma na kumlisha kwa mshipa, njia ya gharama kubwa inayohitaji maabara iliyo macho usiku na mchana. Siku hizi, anayeweza kula bila kutapika wala kuumwa huruhusiwa chakula chepesi kisicho na mafuta mengi. Asiyeweza huwekewa mpira mwembamba puani, unaoshuka kupita mfuko wa chakula hadi ndani ya utumbo mdogo, chini ya mahali kongosho inapomwaga maji yake. Chakula kinaingia, kongosho inapumzika. Mzazi, usiung'oe mpira huo kwa huruma. Kuurudisha mahali pake ni kazi ngumu.

Kinachoamua upasuaji si ukubwa wa uvimbe peke yake. Ni kifuko kinachozidi kukua, kinachomtapisha mtoto, kinachomuuma, kinachoingia usaha, au kilichokaa majuma mengi bila dalili ya kupungua.

Kumwaga maji ndani, si nje

Mwaka 1883 daktari Karl Gussenbauer, raia wa Austria, aliandika juu ya kukifungua kifuko cha kongosho na kukishona kwenye ngozi ya tumbo ili maji yamwagike nje. Wagonjwa waliponea hapo, lakini wengine walibaki na tundu linalovuja maji makali na kuchoma ngozi kwa miezi mingi. Katika miaka ya 1920 Rudolf Jedlička wa Prague alileta wazo jingine: badala ya kuyatoa maji nje, kwa nini yasimwagwe mahali yalipokusudiwa kwenda tangu mwanzo, yaani ndani ya njia ya chakula?

Wazo hilo ndilo linalotumiwa hadi leo. Kwa kuwa kifuko kwa kawaida kimeegemea mgongo wa mfuko wa chakula, mpasuaji huufungua mfuko huo kwa mbele, huingiza sindano kwenye ukuta wake wa nyuma kuhakikisha kwamba kweli ni maji yaliyoko upande wa pili, kisha hukata dirisha la sentimita chache na kushona kingo zake pande zote. Maji humiminika ndani ya mfuko wa chakula na kusagwa na mwili. Kipande kidogo cha ukuta hupelekwa maabara, ili isije ikawa kilichodhaniwa ni kovu ni uvimbe wa aina nyingine. Kifuko hunywea katika majuma yanayofuata, na dirisha lenyewe hujifunga halina kazi tena.

Kifuko kikiwa kimekaa mbali na mfuko wa chakula, daktari huchukua kitanzi cha utumbo mdogo, hukikata na kukiunga kwa umbo la herufi Y, mkono mmoja ukiufikia uvimbe. Ufundi huo unaitwa kwa jina la César Roux, mpasuaji wa Lausanne nchini Uswisi aliyeuanzisha mwishoni mwa karne ya 19. Kazi hii ni ndefu kuliko ile ya dirisha.

Na kongosho ikiwa imekatika kabisa upande wa mkia, wakati mwingine njia ya mkato ni kukiondoa kile kipande cha mkia. Kinachobaki hutosha kwa insulini na kwa usagaji wa chakula kwa watoto walio wengi. Shida ni kwamba mkia wa kongosho umegusana na wengu, na mishipa yao ya damu imeandamana. Mpasuaji hujitahidi sana kuuokoa wengu, kwa kuwa mtoto asiye nao huweza kuuawa kwa haraka na vijidudu vya nimonia, na malaria humshika vibaya zaidi. Hilo si jambo dogo kwa mtoto wa Mwea au wa Mbeere ya chini. Ikibidi wengu utolewe, mtoto atahitaji chanjo za ziada na dawa za kuzuia maambukizi. Waulize kabla hamjaondoka hospitalini.

Siku hizi zipo hospitali ambazo dirisha hufunguliwa bila kupasua tumbo, kwa mrija wenye kamera unaopitishwa kinywani. Kwa mtoto mdogo huhitaji vifaa vidogo na mikono iliyozoea. Njia ya kuingiza mpira wa kukamua maji kupitia ngozi nayo ipo, ikiongozwa na ultrasaundi. Humfaa hasa mtoto aliye na usaha au asiyeweza kuvumilia upasuaji. Lakini mrija wa kongosho ukiwa umekatika, tundu hilo linaweza kuendelea kuvuja kama wagonjwa wale wa 1883.

Wale waliozaliwa na sisti ni habari tofauti. Kifuko chao kina ngozi yake ya ndani inayotoa maji, kwa hiyo hakiachwi. Hutolewa chote inapowezekana. Yuko pia mtoto, mara nyingi msichana, mwenye uvimbe juu ya tumbo upande wa kulia, macho ya manjano na choo cheupe. Huyo huenda mrija wake wa nyongo ndio uliotanuka kama puto, wala si kongosho. Kumwagia maji utumboni hakumfai. Mrija huo lazima ukatwe na utumbo uungwe na mrija wa ini, kwani ukiachwa unaweza kuota saratani miaka mingi baadaye.

Wapi, na kwa nini uende na karatasi

Madaktari wapasuaji wapo Meru na Embu, na katika hospitali za misheni zilizo njiani na kando yake: Chogoria, iliyoanzishwa mwaka 1922, Maua na Nkubu. Wanaweza kumtambua mtoto huyu, kumlisha, kumfuatilia na kushughulikia dharura. Lakini wapasuaji waliosomea watoto peke yao ni wachache nchini. Kwa upasuaji wenyewe usishangae ukiandikiwa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, au Kijabe. Nenda na barua, na picha zote za ultrasaundi na skani, hata zile za zamani. Daktari wa pili anataka kuona uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani mwezi uliopita. Bila hilo, huenda akaanza kungoja upya.

Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF haipo tena na mahali pake pamechukuliwa na SHA. Mtoto huandikishwa chini ya mzazi. Fanya hivyo kwa simu kupitia *147# kabla ya safari, maana kuyashughulikia mambo haya dirishani huku mtoto amelazwa ni adhabu. Uliza pia mapema ni sehemu gani ya gharama italipwa. Na jamaa wawili watatu wawe tayari kutoa damu.

Usiku wa kuamkia upasuaji mtoto atanyimwa chakula kwa saa kadhaa. Wauguzi hueleza, lakini nyanya akisikia mjukuu analilia uji, uji hupatikana. Uji huo unaweza kupanda kooni akiwa usingizini na kuingia mapafuni. Mtoto akila kwa siri, semeni. Upasuaji utaahirishwa, na ni heri hivyo.

Baada ya upasuaji, mpira wa puani hubaki siku chache, kisha ni maji, uji mwepesi, na chakula cha kawaida kidogo kidogo. Watoto wengi hukaa wodini wiki moja hivi au zaidi. Anza kuhesabu miadi ya kurudi: ultrasaundi baada ya majuma machache, na nyingine baada ya miezi, kwa sababu vifuko vichache hujaa tena. Mtoto aliyetolewa kipande cha kongosho apimwe sukari mara kwa mara, ingawa kisukari baada ya hapo si cha kawaida. Kuhusu baiskeli na miti, mpasuaji atataka majuma kadhaa yapite mshono ukomae kabla hajaruhusu. Ukirudi nyumbani, tazama ncha za usukani wa ile baiskeli: kama raba zimetoka na chuma kiko wazi, fundi yeyote wa baiskeli ataziweka nyingine kwa bei ndogo.